Ule Unga Mweupe wa Kabichi za Mulanda

Nimestaafu, lakini mikono bado haijaambiwa. Juzi mkwe wangu alikuja kututembelea na mkungu wa ndizi, na kabla hajaketi nilikuwa nimeshaugeuza chini juu, nimevaa miwani, natafuta fukusi kwenye kikonyo. Mume wangu akakohoa. Mkwe akauliza kwa adabu kama ndizi zake zimepita. Nikamwambia zimepita, karibu chai.

Ninyi vijana niliowaacha kwenye kaunta ya ukaguzi wa mimea hapo Busia mmenisumbua kwa simu: Madam Nabwire, andika, andika kabla hujasahau. Haya, naandika. Ya vyeo sitaandika, maana vilikuja vimechelewa na viliniletea mikutano tu. Ya mshahara ndiyo kabisa, mnaupata huohuo na mnajua ulivyo. Nitaandika ya kazi yenyewe, na hasa ya kabichi, kwa sababu kila mgeni akiajiriwa pale mnamsimulia kisa cha Mama Athieno na mishumaa, na mnakisimulia vibaya.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Nilitoka chuoni nikidhani mkaguzi wa mimea hukaa mezani akaletewa majani kwenye sahani. Mzee Ouma, aliyekuwa mkaguzi mkuu wakati huo, aliniangalia miguuni, akaniangalia usoni, akasema, "Binti yangu, leo tuna lori la viazi. Utapanda hivyo, ama utavua?" Nikavua. Nilipanda juu ya magunia ya viazi miguu mitupu, wapakuaji wananishangilia kama niko kwenye mashindano. Tangu hapo mpaka nilipokabidhi ufunguo, gambuti hazikukosa chini ya meza yangu.

Busia ya wakati ule boda boda ilikuwa baiskeli yenye kijimto nyuma. Mtu alivushwa kutoka upande wetu hadi upande wa Uganda akiwa ameshika kuku kwa mkono mmoja na mwamvuli kwa mwingine. Mizigo midogo ilipita hivyo. Mikubwa ilipita kwa lori, na ile ambayo haikutaka kuonana nasi ilipita njia za panya, na mpaka leo inapita, msinidanganye.

Vifaa vyetu havikujaza hata kikapu. Kulikuwa na kiwembe, lenzi ya mkono, mifuko ya khaki, chupa ya maji, na bambo, kile chuma cha kudunga gunia ili nafaka imwagike kiganjani uione. Lenzi ya Mzee Ouma ilikuwa na ufa katikati, na alikataa kabisa apewe mpya. Alisema ufa ule anaujua, akiona mstari mwingine ndipo anajua ni mnyoo.

Lakini kitu alichonifundisha hakikuwa ndani ya kikapu. Ukimpelekea jani lenye madoa, hakuliangalia kwanza. Aliuliza, "Ndugu yake yuko wapi?" Alitaka umletee jani lingine la mmea uleule, kutoka shamba lingine, ambalo hakuna mtu amelilaumu. Aliyaweka yote mawili kando kwa kando juu ya gunia, akamenya karanga, akatazama, akamenya tena. Mara nyingi ule ugonjwa ambao mimi nilikuwa nimeshaupa jina, tena la Kilatini, ulikuwa rangi ya kawaida ya mmea ule. Nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka, naye ananipa karanga.

Baadaye nikapelekwa Malaba kwa muda. Malaba mnaijua, lori zimepangana mpaka huoni mwisho. Huko nilikutana na dereva aliyekuwa amepanda dania kwenye debe, amelifunga nyuma ya kichwa cha lori, kwa maelezo kwamba foleni ni ndefu na yeye anapenda mchuzi wenye harufu. Sheria inasema udongo wa nje hauvuki. Nikamwambia debe linabaki hapa. Akaomba avune kwanza. Akavuna, akapika mchuzi wake papo hapo kando ya tairi, akatukaribisha. Chakula tulikataa kwa sababu ya sheria, ila harufu hatukuikataa.

Kulikuwa pia na kwaya moja iliyokuwa ikivuka kwenda mkutano wa injili upande wa Tororo. Ngoma yao kubwa ilipopigwa haikutoa mlio, ikatoa kishindo tu cha mtu aliyeshiba. Tulipoifungua tulikuta vipandikizi vya muhogo vimejaa hadi juu, na muhogo wakati huo ulikuwa na ugonjwa uliokuwa ukisambaa kwa vipandikizi hivyo hivyo. Mwalimu wa kwaya akaapa hajui vimeingiaje. Nikamwambia basi viteremke, wengine waendelee kuimba.

Sasa tufike kwenye kabichi.

Kabichi iliyotoka shambani ina unga mweupe juu ya majani, wa kijivu kidogo. Ukipitisha kidole inabaki alama. Ukidondosha maji, yanaviringika yanaanguka. Unga ule ni nta, na hakuna mtu aliyeipaka, kabichi inaitengeneza yenyewe. Ndiyo inayozuia maji ya ndani yasikauke na maji ya mvua yasikae juu na kuozesha. Mimi hayo niliyasoma chuoni na kuyajibu kwenye mtihani, kisha nikaja Busia nikakuta soko zima haliamini.

Wateja wa upande wetu wakiona ule weupe walikuwa wanasema, "Hii imepigwa dawa jana!" na wanapita. Kwa hiyo akina mama wa sokoni walikuwa na desturi yao. Asubuhi wanaweka beseni la maji, wanatia sabuni ya unga kidogo, wanachukua tambara, na kila kabichi inapanguswa mpaka inang'aa. Na kweli inang'aa, mtu anaweza kujiangalia ndani yake. Jioni inaanza kulegea. Keshokutwa ni ya mbuzi. Nilipita nikawaeleza mara nyingi, wakaniitikia vizuri sana. "Ni kweli, madam," wanasema, na tambara halisimami. "Lakini mteja anataka ya kung'aa."

Mmoja tu hakuwa na beseni. Huyo ni Mama Athieno, mkulima kutoka Mulanda kule Tororo, Uganda, Mjopadhola, mwembamba, mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alileta kabichi zake mwenyewe na kuziuza mwenyewe, nyeupe vilevile zilivyotoka shambani. Siku ya kwanza kumkagua nilimuuliza kwa nini hapangusi kama wenzake.

"Mimi napanguza ya nini, madam?" akanijibu. "Hiyo ni nguo yake. Mtu akikuvua nguo kwa soko, wewe utafurahi?"

Nikacheka mpaka nikakosea kupiga muhuri.

Tukazoeana. Nilikuwa namsalimia "Yoga," salamu ya kwao, naye ananijibu "Mulembe" ya kwetu Samia, na kila mmoja anamcheka mwenzake matamshi. Ndipo akanieleza habari ya shamba. Mumewe alikuwa amefariki. Kile kipande cha bondeni alichokuwa akilima kilikuwa cha ukoo wa mume, na shemeji yake mkubwa alitaka kipandwe mtama kama zamani. Alimwachia kwa masharti kwamba kabichi zikikataliwa Busia, kipande kinarudi kwa ukoo na yeye atalima atakapopewa, kama atapewa. Kwa hiyo Mama Athieno aliishi kwa soko letu. Hakuwa na lingine.

Basi ikatokea harusi. Ilikuwa upande wetu, kubwa, ya mahema yenye mapazia. Mama wa bibi harusi, Mama Nekesa, alinunua kabichi za karamu kwa Mama Athieno kwa sababu zilikuwa kubwa. Kesho yake kijana wa mkokoteni akaja ofisini mbio. "Madam, ni noma! Watu wa harusi wote wanahara. Hadi bwana harusi ameingia choo na suti!"

Nyama ya harusi ile ilichinjwa mapema, ikalala, na hapakuwa na friji. Hilo halikumshughulisha mtu. Mama Nekesa alikumbuka kitu kimoja tu, ule unga mweupe. Kabla jua halijawa kali soko zima lilikuwa linasema Mganda ameleta kabichi za sumu. Walimwendea pale alipouzia, wakampindulia magunia, wakamwita Mama Sumu mbele ya watu aliowauzia miaka yote.

Alikuja ofisini ameshika kabichi moja kifuani, kilemba kimefunguka. Aliketi kwenye benchi. Chai niliyompa hakuigusa.

"Banange, jamani," akasema. Ile sauti kubwa ilikuwa imekwisha. "Mimi nauzia watu sumu, madam? Mimi?"

Niliona hasira ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilitaka kwenda sokoni na gambuti zangu nikayapige teke yale mabeseni yote. Sikwenda. Nilimfunga kilemba chake vizuri, nikaenda kumwona Mkubwa.

Mkubwa wetu wa wakati huo nitamwita hivyohivyo. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Aliamua kabichi ile moja ipelekwe maabara mjini, na Mama Athieno asivuke na mzigo mpaka jibu lirudi. Kwa karatasi ilikuwa sawa kabisa. Kwa Mulanda, kabichi za bondeni zilikuwa zimekomaa zinangoja kuvunwa, na shemeji mtu alikuwa ameanza kuuliza maswali kila asubuhi.

Jibu lilikuja kwa simu. Mkubwa akaweka spika tusikie wote. Aliyepiga ni Simiyu, mkemia wa maabara, kijana mpole anayeongea taratibu.

"Nimepata haidrokaboni," Simiyu akasema.

Mkubwa akaruka. "Haidrokaboni si ndiyo mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa nayo ni haidrokaboni, mkubwa, lakini yale ni minyororo mifupi ya kaboni. Hii niliyopata ni mirefu, ina kaboni ishirini na tisa. Inaitwa nonakosani. Ni kitu kigumu, kinaganda. Ni jamii ya ile iliyo kwenye mshumaa, ila sasa..."

Hapo mtandao ukakata.

Hapo ndipo ninyi mnapoanza kuharibu kisa. Hakuna aliyesema Mama Athieno alikutwa na mishumaa. Ni Mkubwa aliyesimama, akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Mishumaa! Anazipaka mishumaa ili zisioze!"

Kila mtu alikuwa anamwona Mama Athieno kule bondeni, ameinama, anasugua kabichi na mshumaa.

"Mkubwa," nikasema, "shamba zima? Moja moja? Atamaliza lini?"

"Nabwire, watu wa biashara hawachoki."

Akaamua palepale. Siku ya soko kubwa, ambayo ilikuwa karibu, tangazo litatolewa kwa kipaza sauti kwamba kabichi za mama huyu zimekutwa na kemikali ya jamii ya mafuta, na kibali chake kimefutwa. Nilijua tangazo lile likishatoka hakuna maabara duniani itakayolirudisha. Na nilijua shamba linakwenda siku hiyohiyo.

Swali likanitoka lenyewe. "Mkubwa, ndugu yake yuko wapi?"

"Ndugu ya nani?"

"Ya kabichi." Nikamweleza alivyokuwa akifanya Mzee Ouma. Tumepeleka kabichi moja tu, ile inayolaumiwa. Hatujui kabichi ambayo hakuna mtu ameilaumu ingetoa jibu gani. Mkubwa alikuwa na haraka, lakini nimesema alikuwa mwema. Akanipa mpaka siku ya soko.

Nilivuka kwanza kwenda Masinya kwa shangazi yangu. Shangazi hajawahi kununua dawa ya shamba, wadudu anawatupia majivu na matusi. Nilipoomba kabichi aliniuliza ni ya nini, nikamwambia inakwenda maabara mjini.

"Inaumwa nini?"

"Haiumwi, shangazi. Ni shahidi."

"Basi ikimaliza kutoa ushahidi irudi," akasema. "Hiyo nilikuwa nimeipangia Jumapili."

Ya pili niliipata kwa mke wa Mkubwa. Alikuwa na bustani nyuma ya nyumba na aliipenda kuliko mapazia yake. Nilimwambia ofisi inahitaji kabichi nzuri isiyo na shaka, akaniongoza mwenyewe hadi kwenye tuta, akanichagulia. Ya tatu nilinunua sokoni, imepanguswa, inang'aa. Mwisho nikanunua mshumaa mmoja dukani. Nikatia kila kitu kwenye mfuko wake wa khaki, nikaandika herufi juu badala ya majina, nikapanda basi la alfajiri.

Simiyu alifurahi kuniona kupita kiasi. Alisema alikuwa amepiga simu tena na tena kumalizia sentensi yake, akawa anaambiwa Mkubwa yuko mkutanoni. Ilikuwa kweli. Mkubwa alikuwa mkutanoni akizungumza habari ya mishumaa.

Tulikaa tukingoja mashine yake ifanye kazi. Ile mashine inatenganisha minyororo kwa urefu, kila mmoja unatoka kwa zamu yake na kuchora kilele kwenye skrini. Akaniwekea mshumaa kwanza. Vilele vilitokea vimepangana mfululizo kama meno ya kitana, kila urefu una chake, hakuna uliorukwa.

"Hii imetoka kwenye mafuta ghafi," akasema. "Mafuta ghafi hayachagui. Sasa tazama hii A."

A ilikuwa ya shangazi. Skrini ikawa karibu tupu, kisha kikasimama kilele kimoja kirefu peke yake, na vidogo viwili, kimoja kila upande wake.

"Mmea unachagua, madam. Unapenda hesabu ya witiri. Ishirini na saba kidogo, ishirini na tisa nyingi, thelathini na moja kidogo. Ishirini na nane na thelathini huzioni. Mtu angepaka mshumaa, meno yote ya kitana yangeonekana hapa."

Akaweka kabichi ya bustani ya Mkubwa, ikawa vilevile. Akarudisha ile ya Mama Athieno, ikawa vilevile. Ile ya sokoni iliyopanguswa ilikuwa na kijilele cha kuonea huruma. Nilimshika Simiyu mkono nikautikisa mpaka miwani yake ikashuka puani. Sikujali. Nilitamani Mzee Ouma angekuwa hai niende na karanga kwake.

Kurudi, nilimwekea Mkubwa michoro mezani. Akaitazama mmoja mmoja.

"Hii A ni ya nani?"

"Ya shangazi yangu, Masinya."

"Na hii B?"

"Ya nyumbani kwako, Mkubwa. Mama alinichagulia mwenyewe."

Aliuinua ule mchoro wa B karibu na uso. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akavua miwani, akacheka mpaka mhasibu akaja kuchungulia. "Kwa hiyo na mke wangu anapaka mishumaa," akasema. "Na mimi nakula." Akalitoa tangazo alilokuwa ameshaliandika, akalirarua.

Halafu, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumaliza mambo, akatoa wazo. "Mwambie avuke. Ila apanguse kama wenzake, kwa sasa tu, watu wasiogope."

Mimi wazo lile niliona linafaa. Nilimpigia Mama Athieno simu nikiwa na furaha tele, nikampa habari njema, nikamaliza na hilo la kupangusa. Nikadhani mtandao umekata tena.

"Hapana, madam," akasema. "Nikipanguza, watasema, mmeona? Ametoa sumu yake. Mimi nakuja nayo nyeupe. Wakikataa, wakatae."

"Na shamba?"

"Shemeji anakuja na mimi. Amesema anataka kuona na macho yake."

Alikuja siku ya soko kubwa. Magunia yalikuwa juu ya baiskeli ya shemeji, jamaa mnene, mtaratibu, asiyesema neno. Mama Athieno alipanga kabichi zake mahali pake pa zamani, nyeupe zote. Shemeji akaegemeza baiskeli nyuma yake, akakaa juu yake na kukunja mikono. Mkubwa alikuja mwenyewe na kipaza sauti. Akaeleza nta ni nini, akasema kabichi hizi hazina kosa, akasema ofisi yake imepima na kuridhika. Watu walimsikiliza vizuri, wakampigia makofi, na hakuna aliyenunua.

Hakuna hata mmoja. Walizunguka kwa mbali kama pamemwagika kitu. Jua likapanda. Jirani yake mwenye beseni aliuza, na wa pili akauza. Nilishindwa kuvumilia, nikaenda na kikapu changu.

"Nipe nne."

Mama Athieno akaniangalia kwa ukali. "Wewe ukinunua, watasema ofisi inanunua. Weka kikapu chini, dada. Kaa."

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada, na nilikuwa nimekasirika hata sikuifurahia.

Jioni magunia yalihifadhiwa kwenye kibanda cha mama mmoja muuza dagaa, naye Mama Athieno na shemeji yake wakalala kwa jamaa zao upande wa Uganda. Asubuhi akapanga upya kabichi zilezile. Mchana nikapita, zilikuwa zilezile. Jirani yake alikuwa ameanza kuyabandua majani ya nje yaliyolegea, na kabichi zilizobaki kwake zimekuwa ndogo kidogo. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali kupita kiasi. Jirani alibandua tena, mpaka kabichi iliyokuwa kichwa ikawa ngumi. Nzi walikuja. Akazimwagia maji, zikazidi kuteleza.

Za Mama Athieno zilikuwa zimekaa palepale, ngumu, nyeupe. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenunua hata moja, kila mtu sokoni alijua ni zilezile. Walikuwa wamezichunga siku zote hizo wakingoja kuona ni mjinga gani atakayenunua. Sasa wakawa wanapita karibu kidogo. Mmoja akagusa. Mwingine akadondosha maji ya chupa yake juu ya moja, kama kwa bahati mbaya, akayatazama yanavyokimbia.

Ndipo Mama Nekesa akaja. Mama wa harusi, yeye mwenyewe, amejifunga kanga mbili. Soko likapunguza sauti. Alisimama, akainama, akaibonyeza kabichi kwa kidole gumba.

"Hizi ni za lini?"

"Ni za siku ile ya kipaza sauti."

"Na hukuweka kitu?"

"Nimeweka kwa jua," Mama Athieno akasema. "Wewe mwenyewe umeona."

Mama Nekesa hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa sauti. Alifungua pindo la kanga, akatoa pesa. "Nipe mbili."

Nilidhani atamwambia maneno. Mimi ningemwambia, tena marefu. Mama Athieno aliinama akachagua mbili kubwa kuliko zote, akazigeuza kuhakikisha hazina jeraha, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nenda pika," akasema. "Tumbo ikinyamaza, rudi."

Mimi niliondoka, kazi ilikuwa inaningoja, lakini sikukagua chochote sawasawa siku hiyo. Asubuhi iliyofuata nilifika sokoni kabla ya kufika ofisini. Mama Nekesa alikuwa amerudi. Alikuwa na kikapu, na nyuma yake walikuwa dada zake wawili, na nyuma ya dada zake wanawake wengine ambao mimi siwajui. Mama Athieno alikuwa anatoa kabichi kwa mikono miwili, haraka, hapumziki, machozi yanamtoka na hana nafasi ya kuyafuta.

Shemeji alishuka kwenye baiskeli. Alikunja magunia matupu, akayafunga kwa kamba, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wote tusikie, "Shemeji, mimi narudi bondeni. Nilete magunia ngapi?"

Mama Athieno hakugeuka. "Yote," akasema. "Lakini ukivuna, shika kwa chini. Usinifutie ile nyeupe."